Mazungumzo ya Nyumbani: Viti Kumi na Vitano kwa Bei ya Chini

Leo tuongee habari za kazi za mikono, maana katika vijiji vyetu wako mafundi wengi: maseremala, washonaji, wafinyanzi, wafua vyuma, na akina mama wanaooka mikate. Wote hao, siku moja au nyingine, hupigiwa hodi na mtu mwenye swali hili: "Nikichukua vingi, utanipunguzia?"

Tuchukue mfano wa seremala mmoja. Hana haja ya jina. Huenda anafanana na jirani yako, huenda anafanana na wewe mwenyewe. Ana banda lake kando ya barabara, na vijana wawili wanamsaidia. Kwa mwezi aweza kutengeneza viti 40, lakini wanunuzi wake huchukua 25 tu, kila kimoja kwa Sh. 30,000/-. Siku moja akajiwa na mwalimu mkuu. Shule yataka viti 15, ila fedha iliyopo ni Sh. 23,000/- kwa kila kiti. Tena fundi avifikishe mwenyewe mpaka shuleni.

Jioni fundi akarudi nyumbani amenuna. "Mama watoto, leo nimedharauliwa. Kiti kinanigharimu 26,000, na mtu ananipa 23,000! Hasara ya 3,000 mara 15 ni Sh. 45,000/-. Kesho nitamwambia aende zake."

Mkewe hakubisha. Alichukua daftari, maana yeye ndiye mwenye kuandika mapato na matumizi, akauliza, "Baba watoto, hizo 26,000 umezipataje?"

Fundi akahesabu. Mbao 12,000. Misumari, gundi, msasa na vanishi 3,000. Ujira wa kijana kwa kila kiti 4,000. Hapo ni 19,000. Tena kuna kodi ya banda, mshahara wa mlinzi na akiba ya leseni, jumla Sh. 175,000/- kwa mwezi. Ukizigawanya kwa viti 25, kila kiti kinabeba 7,000. Basi 19,000 na 7,000 ni 26,000.

"Vema," akasema mama. "Ukitengeneza viti vya shule, mwenye banda ataongeza kodi?"

"Hata kidogo."

"Na mlinzi je?"

"Atalinda usiku ule ule kwa mshahara ule ule."

"Basi mbona wamtoza mwalimu kodi ambayo viti 25 vimekwisha kuilipa?"

Ndugu msomaji, kiini cha jambo ndicho hicho. Gharama ni za namna mbili. Ziko zinazoongezeka kila unapoongeza kiti, kama mbao na ujira. Ziko na zile zinazokaa pale pale, ufanye kazi au ulale. Kazi ya ziada ikija, usiulize, "Kiti kinanigharimu kiasi gani?" Uliza, "Kwa ajili ya kazi hii, fedha gani itatoka ambayo isingetoka, na fedha gani itaingia ambayo isingeingia?"

Wakahesabu upya. Kila kiti kitaingiza 23,000 na kutoa 19,000, kinabaki 4,000. Mara 15 ni 60,000. Ukitoa 15,000 za gari la kupeleka mzigo, inabaki Sh. 45,000/-. Kumbe zile 45,000 alizozililia kuwa hasara ni faida! Mwezi ule nyumba ingepata 100,000 ya viti 25. Sasa itapata 145,000.

Lakini msikimbilie kupokea kila kazi ya namna hii. Hesabu hiyo ni kweli kwa sababu meza ya fundi ilikuwa na nafasi. Kama wanunuzi wa kila siku wangetaka viti vyote 40, kila kiti cha shule kingemfukuza mnunuzi mmoja anayeacha 11,000 mkononi. Viti 15 vingemnyima 165,000 ili apate 45,000. Hata kama angewakosesha viti vitano tu, angepoteza 55,000, na faida yote ingekwisha. Kumbukeni mwaka 2016, serikali ya Tanzania ilipotaka upungufu wa madawati shuleni umalizwe. Shule nyingi zilitafuta madawati kwa wakati mmoja. Wakati kama huo fundi hana meza tupu, na hana sababu ya kushusha bei.

Tena, bei hii ni kitoweo, si ugali. Fundi akiuza viti vyote 40 kwa 23,000, vitamwachia 160,000, naye anadaiwa 175,000 za banda, mlinzi na leseni. Atafanya kazi mwezi mzima, jasho likimtoka, na bado atapungukiwa 15,000. Ndiyo maana wanunuzi wa kila siku sharti waelewe kwamba aliyepunguziwa alichukua 15 kwa mara moja. La sivyo, kesho kila mmoja atataka bei ya shule.

Jambo la mwisho ni la dhamiri. Wako mafundi wanaokubali bei ya chini, kisha wanajifidia kwa siri. Mbao inakuwa nyembamba, au kijana aliyezoea 4,000 anaambiwa safari hii ni 2,000. Huko si kupiga hesabu. Ni kumlipisha kijana punguzo alilopewa mwalimu, na kumkalisha mtoto wa watu juu ya kiti kitakachovunjika.

Basi yule fundi alikwenda shuleni asubuhi akakubali, lakini kwa masharti. Shule itoe arbuni ya Sh. 225,000/-, ambayo ni fedha ya mbao, misumari na vanishi, asije akakopa kwa ajili ya mtu mwingine. Salio lilipwe siku ya kupokea viti. Na kazi iishe kabla ya mavuno, maana watu wakiuza mazao huanza arusi, na viti hutakiwa kwa bei kamili. Mwalimu akakubali, wakaandikiana.

Nanyi mlio na kazi mkononi, kaeni mume na mke na kuandika katika daftari gharama zenu kwa namna zile mbili kabla mtu hajapiga hodi. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza kwamba hata faida bila daftari hufukuzwa mlangoni ikidhaniwa ni hasara.