Miaka Saba si Siku ya Kuhamishwa

Wasomaji wenzangu, likizo iliyopita nilisikia tena maneno yale yale ya zamani: ati mume na mke wakiachana, mtoto hukaa kwa mama mpaka atimize miaka saba, kisha baba huja kumchukua kama mtu atoaye ng'ombe wake malishoni. Wazee wenye heshima zao husema ndiyo sheria ya Serikali. Mimi nasema sivyo.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yaagiza kwamba mahakama ikiamua mtoto akae na nani, kwanza itazame ustawi wa mtoto mwenyewe. Baada ya hapo itazame matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto kama amefikia umri wa kutoa maoni yake, na desturi za jamii yao. Miaka saba imetajwa, kweli. Lakini ni kwa kusema kwamba mtoto aliye chini ya umri huo hudhaniwa ni heri akae na mama yake, na dhana hiyo yaweza kupingwa kwa ushahidi. Tena mahakama yaambiwa ikumbuke ubaya wa kumhamisha-hamisha mtoto. Hapakuandikwa popote kwamba akifika miaka saba afungiwe mizigo.

Mimi nilifungiwa. Baba mdogo alikuja na pikipiki, akamwambia mama, "Shemeji, muda umekwisha." Mama hakubisha, kwani hakujua kwamba yafaa kubisha. Nikaingia shule ngeni katikati ya muhula. Simlaumu baba, maana amenilisha na kunisomesha mpaka hapa. Walakini hakuna aliyeniuliza neno, wala hapakuwa na hakimu.

Na hapo ndipo penye kosa. Watu wengi huachana nyumbani tu, wakiogopa mahakama kama pahali pa matajiri, na hali shauri la talaka laweza kufunguliwa hata Mahakama ya Mwanzo. Kwa kawaida wahusika hutangulia kwenda Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Likishindwa kuwapatanisha, huwapa hati ya kupeleka mahakamani.

Wenzangu bwenini hunijibu kwamba mahari ikilipwa watoto ni wa ukoo wa baba. Je, Waluguru na Wamakonde, ambao kwa jadi huhesabu ukoo kwa upande wa mama? Desturi ya nani iwe amri kwetu sote? Desturi isikilizwe, lakini isimtangulie mtoto.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo yampa mtoto ambaye wazazi wake wametengana haki ya kumtembelea mzazi wa pili na kukaa naye, ila kama kufanya hivyo kutavuruga masomo. Muhula huu nilimsomea baba maneno hayo. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza nauli ya kwenda kwa mama ni kiasi gani.