Maoni: Tusinunue wati za kwenye katoni, tununue filtri

Ukipanda teksi Bukavu, kutoka Kadutu kwenda Place de l'Indépendance, mara nyingi unasikia muziki kabla ya kuliona gari. Ukifika pa kushuka, unaita dereva mara tatu ndipo asikie. Watu husema amepandisha sauti kupita kiasi. Mimi naona kosa linaanza mapema zaidi: siku spika zilipochaguliwa na kufungwa.

Magari mengi tunayonunua yametumika kwanza Japani. Redio zake, hasa za magari ya zamani, hushika FM ya megahezi 76 hadi 90, na stesheni nyingi za kwetu ziko juu ya hapo. Basi mwenye gari anabadilisha redio, na siku hiyohiyo anashawishiwa abadilishe na spika. Hapo ndipo pesa inapopotea.

Kwanza, wati. Katoni imeandikwa 500 kwa herufi kubwa. Namba ya kutafuta ni ile ya RMS, yaani nguvu ambayo spika inavumilia kwa muda mrefu. Redio isiyo na ampli, hata ikiandikwa wati 50 mara nne, kwa umeme wa betri ya volti 12 hutoa kama wati 20 tu safi kwa kila spika. Spika ya RMS 40 inamtosha. Aliyenunua ya 500 hasikii zaidi. Anapandisha volumu mpaka mwisho, sauti inaanza kukwaruza, na mkwaruzo huo ndio unaochoma twita.

Pili, filtri. Sikio la binadamu husikia kuanzia hezi 20 hadi 20,000, na hakuna spika moja inayoimba zote vizuri. Ndiyo maana kuna spika kubwa ya besi na twita ya sauti nyembamba. Filtri inagawa kazi: koili inazuia sauti nyembamba isiende kwenye spika kubwa, kondensa inazuia besi isiingie kwenye twita. Kondensa ya mikrofaradi 10 kwenye twita ya omu 4 huanza kupunguza sauti zilizo chini ya hezi 4,000 hivi. Ni kifaa kidogo, cha bei ndogo, lakini mafundi wengi wanakiruka. Wanaunga twita moja kwa moja kwenye waya za spika kubwa. Besi inaingia isipotakiwa, na spika mbili za omu 4 zikiungwa hivyo zinakuwa omu 2, redio inachemka.

Dereva mmoja ninayemfahamu aliunguza twita jozi tatu kwa mwaka. Kila mara aliambiwa mali ilikuwa mbovu. Jozi ya nne ilifungwa na filtri, na mpaka leo inaimba.

Tatu, waya. Plasi iende kwa plasi, minasi kwa minasi. Spika moja ikigeuzwa, besi inapotea. Minasi ya spika isifungwe kwenye bodi ya gari, maana inaua redio. Na kama kuna ampli, waya wake wa betri upite kwenye fyuzi iliyo karibu kabisa na betri. Bila fyuzi, waya ukichubuka na kugusa bodi, gari linaweza kuwaka na abiria wamo ndani. Hapo hatuongelei tena muziki, tunaongelea uhai wa watu.

Mafundi watajibu kwamba mteja hataki kulipa. Ni kweli kwa sehemu. Lakini nani atalipia kitu ambacho hakuelezwa? Ndugu mwenye gari, kabla ya kutoa pesa omba uonyeshwe filtri na fyuzi kwa macho yako. Na wewe fundi, mwonyeshe kabla hajauliza.

Muziki safi hauhitaji kelele. Abiria akisema "niache hapa", asikike mara ya kwanza.