Krayoni Zikigoma Nyinyi Mnaumia Wapi?

Juzi nimepost video nikimsomea mtoto wa dada yangu The Day the Crayons Quit. Matusi niliyopata, eish! Ati namfunza mtoto kugoma. Ati kitu hakina roho kikiongea ni ushetani. Na sungura akiongea kwa hadithi za nyanya yako, uliita pasta?

Kwa wale hawajaisoma: mwandishi ni Drew Daywalt, michoro ni ya Oliver Jeffers, na ilitoka 2013. Duncan anataka kuchora, anakuta krayoni zake zimemwandikia barua. Nyekundu inalia kazi, hata sikukuu haipumziki, Krismasi ni ya kupaka Santa. Buluu imepakishwa bahari na anga mpaka imebaki kipande. Kuna moja imebanduliwa karatasi, sasa iko uchi na inaona aya kutoka kwa boksi. Kijani tu ndiyo iko sawa na kazi yake. (Mimi naona Duncan alitoka kirahisi sana. Mwisho wa yote, maksi anapewa yeye.)

Hakuna matusi hapo. Hakuna kitu imevunjwa. Ni barua tu, tena zenye adabu kuliko comments zenu. Na mnaniambia kugoma ni tabia mbaya kwa nchi ambayo katiba yake ya 2010, kifungu cha 41, inasema kila mfanyakazi ana haki ya kugoma? Madaktari waligoma siku 100, wakamaliza 2017. Mtoto wa Kenya alijua neno mgomo kabla ajue krayoni.

Enyewe mimi najua kinachowauma. Kitabu kinamwambia mtoto kwamba ile kitu unatumia kila siku bila kuangalia inaweza kuwa imechoka. Na mtoto ana macho. Kwa nyumba zenu kuna mtu anaamka saa kumi na moja, analala wa mwisho, mnamwita "msichana wa kazi" na ana miaka 40.

Wacha niwaambie kitu nilikata kwa ile video. Tulipofika kwa barua ya nyekundu, mtoto hakucheka. Aliniangalia akauliza, "Kama anti?"

Anti alikuwa hapo nyuma anapiga pasi. Hakusema kitu.

Nilikata kwa sababu niliogopa dada yangu, na hiyo ndiyo aibu yangu. Sasa nimeandika. Dada, najua utasoma hii: Krismasi anti anaenda kwao ama haendi?