Mashine ya kuona samaki: mvuvi wa Moba anunue ipi, na wakati gani?

Bandarini Moba swali hili linarudi kila mara giza la mwezi linapokaribia: mtu ambaye hana feza nyingi anunue mashine gani ya kuona samaki, ile inayoitwaka sondeur?

Tuanze na kina, maana ndipo watu wanapoteza feza. Ziwa Tanganyika linafika mita 1,470, na muuzaji anajua namba hiyo inatisha. Atakuonyesha mashine ya mita 500, ao zaidi. Ya nini? Kule chini hakuna oksijeni. Upande wa kaskazini inaisha karibu mita 100, kusini inashuka hadi kama 200 na kidogo. Samaki hapiti pale. Ndakala mchana anashuka, usiku anapanda, na mikebuka anamfuata ili amule. Mashine inayoona vizuri mita 200 inatosha kabisa.

Kwa bei ya chini, Garmin Striker 4 inauzwa ng'ambo kati ya dola 100 na 150, mbali na usafiri. Kioo chake ni kidogo, lakini iko na GPS: unaweka alama pale ulipopata samaki, na usiku wa upepo unajua njia ya kurudi. Zile za kurusha majini na kuangalia picha kwenye simu, kama Deeper, zinaishia mita 80 ao 100, na wimbi moja linaweza kubeba feza yako yote.

Jambo ambalo muuzaji hasemi: kile kichwa kinachotuma sauti hakisikii kupitia mbao. Ukikifunga ndani ya mtumbwi, utaona kioo kitupu. Kifunge kwenye mti ubavuni, kizame majini, ukitoe wakati wa kukimbia. Betri ya volti 12 ya taa inatosha, mashine inakula kidogo sana kuliko taa. Tena zima zile picha ndogo za samaki, zinadanganya. Kundi la ndakala linaonekana kama wingu, si samaki mmoja mmoja.

Sasa, inakuletea faida gani? Mafuta ya moteri. Badala ya kuzunguka usiku mzima, unajua kama chini ya taa kuna kitu, ao uhame. Lakini haizalishi samaki. Mwaka 2003 watafiti walionyesha kwamba maji ya juu yanapata joto, upepo hauyachanganyi tena na ya chini kama zamani, na chakula cha samaki kinapungua. Kama kila mtumbwi utakuwa na mashine, tutakuwa tunagawana kilekile kwa haraka zaidi. Kwa maoni yetu, mashine moja kwa kikundi cha mitumbwi inayosaidiana ni hesabu nzuri kuliko kila mtu na yake.

Na angalia kalenda. Tangu 2024 ziwa linafungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia. Mwenye kuchukua mashine kwa deni mwezi wa nne atakaa miezi tatu bila kushusha wavu, na mwenye duka hatamungojea. Afazali kuweka feza kidogo kidogo, ukanunua mwezi wa nane ziwa likifunguliwa.