STAA ATOBOA DARI YA GEREJI MAMTONI, MASHABIKI WAMPIGIA MAKOFI!

Kuna klipu inazunguka mtandaoni na wadau wameishupalia kweli. Mwigizaji mmoja wa zamani wa Bongo Movie, ambaye siku hizi anaishi Texas na mumewe na watoto wawili, kaonyesha mjengo wao mpya. Mume kashika msumeno wa umeme, anakata dari ya gereji, kisha anapachika ngazi ya kukunja ili mabegi na makorokoro yakae juu darini. Komenti ni mioyo tupu. "Mume bora!" "Mamtoni raha bana!"

Akatokea kaka mmoja anayefanya kazi za ujenzi hukohuko Marekani, akauliza kwa adabu: mna kibali? Na ukuta kati ya gereji na nyumba unafika hadi kwenye paa? Weee! Kaitwa mchawi, kaitwa mwenye wivu, mwisho staa kam-block. Hapo ndipo pa kukasirikia.

Gereji inayosemwa siyo ile ya makenika wa Kinondoni. Ni chumba cha gari kilichoungana na nyumba, na kwenye klipu ileile staa anaonyesha chumba cha watoto kipo nyuma ya ukuta huohuo. Humo ndani kuna gari lenye mafuta, rangi, mashine ya kukatia majani. Ndiyo maana dari ya jipsamu pale siyo urembo. Miji mingi kule inafuata kanuni za nyumba za makazi zinazoitwa IRC, kila mji na marekebisho yake. Zinataka gereji itengwe na nyumba na darini kwa jipsamu isiyopungua nusu inchi upande wa gereji. Kama juu yake kuna chumba cha kuishi, inatakiwa ile ngumu zaidi kwa moto, ya inchi 5/8. Jipsamu ina maji yaliyofungwa ndani yake, na moto unapoipiga maji hayo yanageuka mvuke, moto unachelewa. Dakika hizo ndizo watu wanaamka na kubeba watoto.

Sasa mtu katoboa, kaweka ngazi ya dukani ambayo kifuniko chake ni plaiwudi nyembamba, pembeni kuna upenyo unaoonekana kabisa kwenye klipu. Kama darini ni pamoja na juu ya vyumba, moto na moshi vinapita juu kwa juu mpaka kwa waliolala. Hata moshi wa gari likiungurumishwa humo umepata njia.

Halafu ile mbao aliyoikata "ili ngazi ienee"? Hiyo ni sehemu ya kenchi! Kenchi za kiwandani mara nyingi zinapangwa kila baada ya inchi 24, na ngazi hizi ni ndefu, inabidi zilale sambamba nazo. Kanuni zinakataza kukata kenchi bila idhini ya injinia. Na nyingi hazikuhesabiwa kubeba mizigo, achilia mbali masanduku saba ya mavazi ya shooting. Huyo ni fundi maiko tu, kasoro kahamia Texas.

Wala hakuna aliyesema wasiwe na stoo. Zipo ngazi zilizopimwa kustahimili moto. Na kama ule ukuta kweli umepanda hadi kwenye paa ukiwa na jipsamu yake, huenda tundu lile halina shida ya moto kabisa. Ndiyo maana kaka wa watu aliuliza! Swali lake lilikuwa linaweza kumwokoa staa aibu, akalijibu kwa kufuta komenti.

Jana kaposti tena, safari hii watoto wanapanda na kushuka ile ngazi wakicheka. Kuhusu ukuta, kimya.