Bunduki Isilale Nzima

Vitako vingi vya bunduki ninavyoletewa hapa Buyenzi, Bujumbura, havikuharibiwa na mvua wala mchwa. Vimeharibiwa na mafuta ya mwenyewe.

Mimi ni seremala. Riziki yangu ni vitanda, makabati na milango, ila mara mojamoja huja mtu na kipande cha mbao kilichofungwa kwenye gazeti: kitako cha bunduki ya mitutu miwili, ile ya marisawa, kalibre 12. Napokea mbao peke yake. Chuma hubaki kwa mwenyewe na kibali chake. Mimi sina ruhusa ya kukigusa, wala siitafuti.

Kitako cha mwisho nilicholetewa kilikuwa cha jozi, mti wa Ulaya, kilichochongwa wakati Wabelgiji wakitawala hapa. Mwenyewe, mzee wa makamo yangu, alinieleza kwamba mitutu yake ina mhuri wa Liège, mji ambao umekuwa ukipima mitutu kwa baruti tangu 1672. Mitutu iliushinda mtihani huo. Mbao haikuushinda ule wa nyumbani. Huku nyuma, panapokaa begani, ilikuwa bado inang'aa. Shingoni, pale inapokutana na chuma, ilikuwa nyeusi tititi, na nilipoibonyeza kwa ukucha, ukucha ukazama. Tundu la skrubu lilikuwa limelegea na ufa umeanza kutambaa. Bunduki hiyo hurudi nyuma kwa nguvu kila inapopigwa, na mbao iliyolainika haihimili.

"Fundi, mimi hii naitunza," aliniapia. "Kila mwezi naisafisha."

Namwamini. Makosa huanza baada ya kusafisha. Mtu akishapitisha fimbo na kitambaa ndani ya mitutu, humimina mafuta bila kipimo, kisha huisimamisha bunduki nyuma ya mlango, midomo juu. Usiku kucha mafuta yanateremka. Yanapenya kwenye vitundu vya pini, yanaujaza mtambo, na yanayozidi yananywewa na mbao. Yanayobaki ndani yanashikana na vumbi na kuwa gundi. Pini ikinata huku imechomoza, risasi inaweza kulipuka unapofunga mitutu, kabla kidole hakijagusa kifyatulio.

Kuyaepuka hayo hakuhitaji fedha. Futa mafuta hadi ubaki utando tu. Futa pia kila ulipoishika, kwa kuwa jasho la vidole lina chumvi na chumvi huita kutu. Ifungue vipande vitatu: mitutu, mbao ya mbele, na kitako pamoja na mtambo wake. Mitutu ilaze, au isimamishe midomo chini juu ya kitambaa. Usiirudishe kwenye mfuko wa ngozi au wa turubai, hata kama ndio iliokuja nao. Kwetu kando ya Ziwa Tanganyika, kuanzia Oktoba hadi Mei, mfuko huo hushika unyevu na kuubana kwenye chuma. Vile vifuko vya chembechembe vinavyopatikana ndani ya maboksi ya viatu visitupwe; viweke kwenye kabati la bunduki vinyonye unyevu. Nanyi wa Kibenga na Kajaga, ambako ziwa liliingia majumbani mwaka 2024, kabati hilo litundikeni ukutani, lisikae sakafuni.

Sasa nifike ninakotaka kufika. Kinachoiokoa bunduki na kutu ndicho kinachowaokoa watu na bunduki. Mitutu iliyolazwa peke yake haimuui mtu. Ikiwa vipande vitatu viko ndani ya kabati lenye kufuli, lililofungwa ukutani kwa boliti zinazokazwa kutokea ndani, na risasi ziko chumba kingine chini ya ufunguo mwingine, ajali ya nyumbani inakuwa ngumu kutokea, na wizi pia.

Hapo ndipo wenye bunduki hunijia juu. "Wezi wakija saa nane usiku, niwaambie wasubiri niunganishe?" Swali hilo silicheki. Rais Ndadaye alipouawa Oktoba 1993, na katika miaka ya vita iliyofuata, watu wa mji huu walijifunza kulala na chochote kilicho karibu, panga au bunduki. Lakini vita hivyo hivyo vilituachia maguruneti mikononi mwa watu. Jambazi mwenye guruneti hatishwi na risasi mbili zilizo chini ya kitanda. Mara nyingine bunduki yenyewe ndiyo anayoitaka, na akiipata nzima imeegemea ukuta, ameondoka na silaha tayari. Na kabla ya jambazi yupo mtoto. Hakuna kitu chini ya kitanda cha babu ambacho mjukuu hakijui.

Wapo wanaosema bunduki zirudishwe zote, tuachane na mambo ya makabati. Mwaka 2009 nchi ilitunga sheria ya silaha ndogo na raia wakahimizwa kusalimisha walizokuwa nazo. Waliosalimisha nawapa heshima yao. Lakini maadamu mwenye kibali anaruhusiwa kubaki na yake, hatuwezi kukwepa kuuliza inalala wapi na inalalaje.

Wala si swali nililolizua mimi. Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004, ambayo Burundi ilitia saini pamoja na majirani zake, inazitaka nchi zidhibiti namna silaha zinavyohifadhiwa na kutumiwa, na zipime ujuzi wa anayeomba kumiliki. Ujuzi huo usiishie kwenye kulenga. Anayeomba kibali apewe bunduki tupu na kitambaa, aifungue vipande vitatu mbele ya afisa, aifute, aseme kila kipande atakiweka wapi. Anayehuisha kibali atembelewe nyumbani, aonyeshe kabati, kufuli, na mahali risasi zinapokaa. Afisa akikuta bunduki nzima nyuma ya mlango, kibali kisihuishwe.

Nitaambiwa napigia debe makabati yangu. Sawa, nendeni kwa seremala mwingine, au kwa mchomeleaji awatengenezee la chuma. Na anayeona kufuli mbili ni mzigo mzito kuliko bunduki yenyewe, basi aisalimishe.