Sifa ya Injini Isiyofunguliwa

Katika biashara ya motakaa kuukuu kuna sifa moja iliyoenea kuliko nyingine zote. Muuzaji akitaka kupandisha bei husema kuwa injini ya gari lake haijafunguliwa. Mnunuzi husikia neno hilo akaridhika, kana kwamba ameletewa habari za mwali ambaye hajatoka ndani. Hapana aulizaye kwa nini haikufunguliwa. Yamkini ilitunzwa vema hata haikuhitaji kufunguliwa. Yamkini pia mwenyewe hakujali, na ugonjwa umo ndani umelala ukingoja bwana mpya. Mtunzaji na mzembe huvikwa joho moja, na bei yao ni moja.

Kosa hili la sokoni lina ndugu yake katika sheria. Nchi za Afrika Mashariki hupima motakaa kwa mwaka wa kuzaliwa kwake. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililopita miaka 8. Uganda ilijiwekea mpaka wa miaka 15 mwaka 2018. Tanzania haikatazi, ila hutoza ushuru wa ziada wa uchakavu. Kwa forodha kipimo hicho kina udhuru wake: ofisa aliyeko bandarini hawezi kulifungua kila gari, na mwaka ukiisha andikwa haubishaniwi. Lakini kipimo cha bandarini kimepanda bara kikawa kipimo cha akili. Watu waliosoma, ambao ilitarajiwa wachunguze jambo kabla ya kulihukumu, huliona gari la mwaka 1985 wakacheka, huliona la mwaka 2015 wakalisifu, wala hawakuinama kutazama chini ya lolote kati ya hayo mawili.

Wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, zinafaa kuwa baraza la shauri hili, maana huko nchi yenyewe hukagua motakaa bila kuomba cheti. Ashukaye Magara kuelekea Mbuyu wa Mjerumani, au atokaye Dongobesh kwa njia ya Bashnet kuteremkia Dareda, huteremka ukuta wa Bonde la Ufa. Kona ni kali na mwinamo ni mkubwa. Breki hukanyagwa kwa muda mrefu bila kupumzika, hupata moto, na moto huo huingia katika mafuta ya breki. Mafuta hayo yana tabia ya kunywa unyevu wa hewa mwaka hata mwaka. Yakiisha kunywa maji ya kutosha huchemka kabla ya wakati wake, mvuke hujaa katika mabomba, na dereva akikanyaga hukanyaga hewa. Dawa yake ni kuyabadilisha kila baada ya miaka 2 au karibu na hapo, na kushuka kwa gia ndogo ili injini yenyewe izuie gari. Gari la juzi ambalo mafuta yake hayajaguswa tangu litoke Japani limo hatarini kuliko la baba yake ambalo mafuta yake ni ya mwaka huu. Mlima haujui hesabu ya miaka.

Wakati wa kiangazi huja vumbi, na vumbi la uwanda wa Basotu ni laini kama unga. Chujio la hewa likiziba, injini hukosa pumzi, hula mafuta mengi, na hutoa moshi mweusi ambao wapitao huusingizia uzee. Likitoboka ni vibaya zaidi, kwa kuwa vumbi husaga silinda kama msasa. Masika huleta tope, ambalo hupenya katika beringi zilizokosa grisi. Tena nchi hii iko juu: zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, na kinachoyazuia yasichemke mapema ndani ya rejeta ni kifuniko chenye springi ndogo kinachoyashikilia kwa nguvu. Ni wangapi wanaopanda mlima na tambara mahali pa kifuniko hicho? Kifuniko ni rahisi. Gasketi iliyoungua ni ghali. Injini iliyopinda kichwa ni ghali mara nyingi zaidi. Mithali ya ufa na ukuta imesemwa mno hata masikio yamekuwa sugu, lakini rejeta bado inaisikia.

Watetezi wa upya watajibu kuwa motakaa za zamani hazina mikanda bora wala mifuko ya hewa ya kumkinga abiria. Kweli, na si haki kuipuuza kweli hiyo. Watasema pia kuwa vipuri vya bandia vimejaa madukani, na fundi mwaminifu akifunga kipuri cha uongo kazi yake huwa uongo. Hilo nalo ni kweli, na ni kilio cha haki kwa wakaguzi wa bidhaa. Lakini hoja zote mbili hazimwondolei mwenye gari wajibu wake. Mkanda wa kiti hauzuii breki kufa, na kipuri cha bandia hufungwa katika gari jipya kama kifungwavyo katika la zamani.

Hata hivyo yapo magari ambayo hayana budi kufa. Mfano ni Land Rover, mnyama aliyezoeleka katika milima hii. Ilipotolewa kwanza mwaka 1948 mwili wake ulifanywa kwa alumini, kwa sababu chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Alumini haili kutu kama chuma. Lakini fremu iliyo chini yake ni ya chuma, nayo huoza. Kwa hiyo mtu hupaka rangi mwili ambao ungedumu bila rangi, na huacha fremu ikatike kwa tope. Fremu iliyokatika haitetewi na mtu yeyote mwenye akili. Ajabu ni kuwa sheria inayotazama mwaka, na mnunuzi anayetazama rangi, wote wawili hawaioni.

Hanang ina ushahidi mkubwa zaidi wa upofu huu. Tangu miaka ya 1970 hata mwanzo wa miaka ya 1990, Kanada ilisaidia shirika la umma la NAFCO kulima ngano huko Basotu. Mashamba yalikuwa 7, jumla yake kiasi cha ekari 100,000. Ardhi hiyo ilikuwa malisho ya Wabarbaig, ambao waliidai hata mahakamani. Dhuluma hiyo yastahili insha yake peke yake. Matrekta na mashine za kuvunia zilitoka Kanada, na vipuri na wataalamu vivyo hivyo. Ngano ilipatikana, hilo lisikanwe. Lakini mashine zilihesabiwa kuwa maendeleo, na uwezo wa kuzitunza kwa mkono wa nyumbani ukahesabiwa kuwa jambo la baadaye. Msaada ulipokoma kilimo kile kilidhoofika, na mashamba yakaishia kutolewa katika mikono ya shirika. Desturi hiyo haikufa na mradi. Nyuma ya ofisi nyingi za umma nchini, popote pale, yapo magari yaliyoegeshwa juu ya mawe, majani yameota madirishani. Yalipokewa kwa hotuba na picha. Fedha ya kununua chujio haikuwa na hotuba, kwa hiyo haikupatikana.

Mfupa wa jambo ni heshima. Anayenunua hupongezwa, anayetengeneza huitwa mchafu wa mafuta. Hata hivyo nchi hii haikukosa mfano wa kumheshimu mwenye kufufua chuma. Wahunzi wa Kidatoga, hasa wa upande wa Ziwa Eyasi, huokota vyuma vilivyotupwa, kufuli na mabomba mabovu, wakayeyusha na kufua mishale na bangili. Wawindaji wa Kihadzabe hutegemea mishale hiyo. Kijana wa Katesh alalaye chini ya gari ana ukoo na kazi hiyo, ingawa hakuna aliyemwambia.

Msomaji asidhani kuwa haya ni mabishano ya wapenda magari. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955, hupokea wagonjwa watokao mbali sana. Mama ambaye uchungu umemshika usiku kijijini hachagui mwaka wa gari. Hupanda lililopo, na lililopo aghalabu ni kuukuu. Kufika kwake kunategemea kama mtu fulani, siku fulani ambayo hakuna aliyekuwa akimtazama, alitia grisi na kukaza nati.

Basi forodha ibaki na mwaka wake, lakini ukaguzi wa barabarani upande chini ya gari, utazame mabomba ya breki, fremu na usukani. Na kila gari liwe na daftari lake, daftari la shule latosha: tarehe, kilometa, kilichobadilishwa, na jina la fundi. Muuzaji atakayejitapa kuwa injini haijafunguliwa aombwe daftari hilo. Wauzaji watasema kuwa hakuna mnunuzi anayeliuliza, na mpaka leo wasema kweli.